Jina Chini ya Kapteni Peck

Florence, 3 Oktoba 1867

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mguu unasemaje? Na yule ng'ombe, bado anakupiga teke kila ukimkamua, au mmeshapatana? Mimi ni mzima, hata nimenenepa, maana huku wanaweka mafuta ya zeituni kwenye kila kitu isipokuwa chai.

Baba, kaa chini kwanza. Barua ya kamati ya sanamu ya Dunmore imefika. Wamenipa mimi kazi ya kutengeneza sanamu ya Kapteni Lemuel Peck, isimame mbele ya kanisa kwa kumbukumbu ya vijana wetu waliokufa vitani. Mimi! Walikuwa na majina ya wanaume wawili wa Boston, wakanichagua mimi. Niliruka chumbani mpaka mama mwenye nyumba akaja kuuliza kama nimeungua.

Wamenitumia picha ya Lemuel aliyopigwa kabla ya kwenda vitani. Haifai hata kidogo. Kasimama kama mtu anayengoja kung'olewa jino. Nimeigeuzia ukutani, nafanya kwa kumbukumbu, maana nilikaa nyuma yake shuleni tangu tulipojifunza kusoma, na hakuacha kunigeukia. Udongo umeanza kunikubali. Nikishamaliza na kumtolea nakala ya plasta, ile chokaa laini inayoganda, nitamkabidhi kwa Bwana Ulisse Banti, mwenye karakana ya mawe hapa, na mafundi wake wamtoe kwenye marumaru.

Nina ombi moja tu. Kamati wamesema kitako cha sanamu utakikata wewe, kwa kuwa hakuna mkata mawe mwingine wa herufi pande hizo. Naomba, chini ya jina la Lemuel, ukate: Kazi ya Roxana Thrall. Siku naondoka, Shemasi Wheelock alisema mbele ya watu kwamba nitarudi na sahani mbili zilizochorwa maua. Nataka awe analisoma jina hilo kila Jumapili akiingia kanisani.

Binti yako,
Roxana


Dunmore, Vermont, 20 Novemba 1867

Mwanangu Roxana,

Marahaba. Mguu upo. Ng'ombe nimemuuzia Shemasi Wheelock, sasa anampiga teke yeye, na tangu hapo afya yangu imekuwa nzuri. Theluji imeshafunga njia ya juu, lakini kuni ninazo na maharage yapo jikoni.

Hongera sana, mwanangu. Nimemwambia kila aliyeingia karakana, na wengine niliwaita waingie ili niwaambie.

Kamati wana swali. Shemasi kaniagiza nikuulize kwa heshima, akawa mwekundu kama nyanya. Wamesikia kwamba huko kwenu sanamu husimama uchi, na majenerali wamo. Wanataka kujua kama Lemuel atavaa suruali. Wake zao wanataka kujua zaidi kuliko wao. Anauliza pia kama Lemuel anaweza kuwekwa juu ya farasi. Nikamwambia, "Shemasi, huyo kijana alipanda farasi mara moja tu, na farasi alirudi peke yake."

Sasa langu mimi. Hapa nyuma ya nyumba tuna mlima mzima wa marumaru, wewe unaleta nyingine kwa meli. Hilo nimekusamehe. Ila umeandika kwamba utamkabidhi huyo Bwana Ulisse. Nimelirudia neno hilo sijalielewa. Anayekata jiwe ni nani?

Baba yako,
Asahel Thrall


Florence, 9 Januari 1868

Baba mpendwa,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Natumaini baridi haijakukaa kifuani. Waambie kamati suruali ipo, ina mishono pande zote, na vifungo vyake vyote vimefungwa. Wake zao waambie pole.

Kuhusu jiwe, nikueleze, maana kumbe sikuwahi kukueleza. Huku mchongaji anafanya kazi kwa udongo. Uso, mikono, mkunjo wa koti, yote hayo ni yangu. Udongo ukikamilika unatolewa kwa plasta, halafu mafundi wanaipima plasta nukta kwa nukta na kuikata kwenye marumaru. Ndivyo wanavyofanya wote, Baba, hata mabwana wakubwa wenye ndevu mpaka kitovuni. Wengine hawajagusa patasi tangu wazaliwe. Ulisse ni fundi hodari, baba yake alikuwa fundi, na nadhani hata paka wake ni fundi.

Kwa hiyo usihofu. Kata jina langu kubwa.

Binti yako,
Roxana


Dunmore, 28 Februari 1868

Roxana,

Marahaba. Mimi mzima. Au nilikuwa mzima mpaka barua yako ilipofika.

Yaani hukati? Umekula chakula cha watu huko miaka yote hiyo na hujakata jiwe? Mimi nimewaambia watu wote wa Dunmore kwamba binti yangu anakata marumaru. Nimewaonyesha na mkono wangu unavyoshika nyundo, nikasema, "Kaurithi huu." Sasa niwaambie nini, kwamba anasimama pembeni anaonyesha kidole?

Mkate ni wa aliyeukanda. Asiyekanda, akasimama tu mlangoni kusimulia unavyotakiwa kuwa, hasemi "nimepika mimi." Mwanangu nakupenda, lakini kwenye jiwe sikati uongo. Sijapata kukata uongo tangu nishike nyundo. Nitakata Kazi ya Ulisse Banti, na nitazikata herufi zake vizuri.

Muulize, kwenye kitambaa cha koti anatumia patasi ya meno au bapa?

Baba yako


Florence, 14 Aprili 1868

Baba,

Shikamoo. Naona afya yako ni nzuri, nguvu za kunitukana unazo.

Hukati uongo? Twende makaburini basi, tutembee pamoja. Ephraim Stoddard, umemwandikia "Mume mpole." Alimrushia mkewe sufuria ya sharubati ya utomvu wa mti wa mepo, na wewe mwenyewe ndiye uliyemfunga mkewe kitambaa kichwani! Bibi Lovina, "Mikono iliyotoa daima." Ilitoa nini, Baba? Mjomba Jabez umemwandikia "Alilala kwa amani," naye alianguka kutoka kwenye paa la zizi akimtukana jirani. Lakini jina la binti yako ndilo limekushika dhamiri.

Na kuhusu mkate: aliyekanda ni nani? Ni mimi! Udongo wote huo umekandwa kwa mikono hii, kucha sina. Ulisse ni tanuri.

Nilimsomea maneno hayo, akanuna, akafanya kazi akiwa amenipa mgongo. Mpaka nilipomwambia swali lako la patasi. Hapo uso ukamng'aa. Anasema patasi ya meno kwanza, bapa mwishoni, na kwamba "baba yako ni mtu wa maana sana." Anauliza kama marumaru ya Vermont inavunjika kwa mistari.

Binti yako mwenye haki,
Roxana


Dunmore, 2 Juni 1868

Mwanangu,

Marahaba. Mwambie Bwana Ulisse kwamba ndiyo, inavunjika kwa mistari, hasa ile ya karibu na mto, na dawa yake ni kuilowesha siku nzima kabla ya kuigusa. Mwambie nimefurahi sana kusikia habari za patasi ya meno. Hapa nina wasaidizi wawili na wote wanadhani patasi ni patasi. Je, ana watoto? Mgongo wake ukoje? Mgongo wa mkata mawe ni wa kuangaliwa. Namtumia sukari ya mepo na soksi za sufu, amalize kuvaa hizo ndipo nitume nyingine. Na mchoro wa nyundo yangu uko ndani ya bahasha. Asicheke mpini, niliutengeneza mwenyewe.

Habari za makaburini: maneno yale ni ya wajane, mimi nakata wanachonilipia. Lakini "kazi ya fulani" ni neno la fundi kwa fundi. Hapo sichezi.

Kuna jambo lingine. Bi Tryphena Peck, mama yake Lemuel, amekataa kuja siku ya kufunua sanamu. Tangu barua ya jeshi ilipoletwa hajalitaja jina la mwanawe, hata kanisani. Anaiita sanamu yetu "lile jiwe." Shemasi alimpelekea keki ya tufaha ili ambembeleze, Bi Tryphena akaipokea keki akafunga mlango.

Msalimie sana Bwana Ulisse.

Baba yako


Florence, 11 Agosti 1868

Baba,

Ulisse ana watoto wanne. Mgongo wake ni mzima. Soksi zimemwenea. Ameutundika mchoro wa nyundo yako ukutani, karibu na Bikira Maria.

Mimi pia nina mgongo. Nilikuwa na homa mwezi mzima wa Julai, kama ungependa kujua. Hukuuliza.

Nilikuja huku ili siku moja Asahel Thrall aangalie kitu nilichokifanya na kusema ni changu. Shemasi nilimtaja kwa mzaha tu. Sasa umepata mwana huku Florence, na ana patasi. Andikianeni.

Roxana


Dunmore, 6 Oktoba 1868

Mwanangu Roxana,

Hujambo? Homa imekwisha kabisa? Unakula? Nijibu mapema.

Baba yako


Dunmore, 15 Desemba 1868

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Hakuna barua yako posta. Nimekuwa nikienda kuuliza mpaka mama wa posta akiniona anatikisa kichwa kabla sijafungua mlango.

Habari za Ulisse siulizi. Nauliza zako. Homa ilikuwa ya namna gani? Nani alikupikia mchuzi? Nilikosa kuuliza, na ni kosa, na nikae nalo. Lakini usiniambie ninyamaze kuhusu jiwe, maana jiwe ndilo nililo nalo la kuzungumza. Mama yako ndiye aliyekuwa akizungumza mengine.

Mahali pa jina kwenye kitako nimepaacha patupu. Shemasi kauliza, nikamwambia aende akamkamue ng'ombe wake.

Baba yako


Florence, 22 Machi 1869

Baba yangu,

Shikamoo. Nisamehe kwa ukimya. Homa iliisha zamani, hasira ndiyo iliyokawia. Mke wa Ulisse ndiye aliyenipikia mchuzi.

Kapteni Peck aliondoka jana kwa meli, ndani ya sanduku lenye majani makavu hadi kidevuni. Atafika kwako kabla ya Julai. Usimfungulie Shemasi kabla hujamwona wewe.

Nikuambie nilichokuwa nikifanya majira yote ya baridi. Nilimwomba Ulisse anifundishe kukata. Alisema mikono yangu ni ya siagi. Nikamwambia, "Nifundishe hivyohivyo." Nimepiga kidole gumba changu mpaka hakijui tena kama ni kidole. Na kwenye sanamu kuna mahali pamoja ambapo nimekata mwenyewe, kutoka mwanzo hadi mwisho, bila mkono wa mtu mwingine. Sikuambii ni wapi. Ulisse alitoka nje asishuhudie.

Sasa una kitu cha kweli cha kuandika, au huna. Fanya unavyoona, Baba. Sitakuomba tena.

Binti yako,
Roxana


Dunmore, 5 Julai 1869

Mwanangu mpenzi,

Marahaba, marahaba. Mguu unauma kwa kusimama jana kutwa. Mengine ni mazima.

Nilifungua sanduku peke yangu. Nilianza kwa koti, nikapitisha kidole kwenye kila mkunjo, nikasema, Ulisse, Mungu akuweke. Mikono, safi. Upanga, safi. Kisha nikafika kwenye kiatu cha kushoto. Roxana, nilikaa chini sakafuni nikacheka mpaka machozi. Mwanangu, kile si kiatu. Kile ni kiazi kilichowekewa kamba. Nilikijua ni chako kabla sijavaa miwani.

Nikasema basi, mambo yamekwisha, dhamiri yangu imepona. Nikachora kwa chaki kwenye kitako: Kazi ya Ulisse Banti. Na kwa herufi ndogo pembeni: Kiatu cha kushoto, Roxana Thrall. Nilijiona mtu wa haki kuliko majaji wote wa Vermont. Kamati wakaniambia nisikate kitu, siku zimekwisha, wakafunika yote kwa bendera, kitako na chaki yangu.

Jana uwanja mzima ulijaa watu. Shemasi alihutubia mpaka maji ya limau yakawa moto. Bi Tryphena alisema haji, lakini nikamwona kwa mbali kwenye uzio wa kanisa, na kapu lake mkononi kama mtu anayepita tu kwenda dukani. Bendera ikavutwa. Watu wakapiga makofi, halafu makofi yakafa, maana Bi Tryphena alikuwa anakuja. Watu wakampisha. Akasimama chini ya sanamu, akamtazama usoni.

Akasema, "Lemuel Peck, unacheka nini?"

Alikuwa hajalitaja jina lile tangu mwaka wa vita. Akaendelea kama yuko jikoni kwake: "Nakuuliza wewe. Watu wote hawa wamekuja kwa ajili yako, na umeupeleka mdomo upande, unatafuta wa kumtania. Na kola yako ifunge."

Ndipo nikauona huo mdomo. Siku nyingi nimeishi na sanamu ile karakana, nikapima mikunjo ya koti, sikuuona. Ni wa Lemuel kabisa, vile ulivyokuwa kabla hajasema upuuzi wake. Roxana, Ulisse hajapata kumwona kijana yule. Mimi nilimwona akikua, na kwa patasi zangu zote nisingeweza kumrudishia mama yake mdomo ule. Ulikuwa kwenye vidole vyako, uliutia kwenye udongo, na Ulisse akaufuata kwa uaminifu. Mwambie nimesema hivyo. Yeye ni fundi, atakubali.

Bi Tryphena aliinama, macho yakafika chini. "Na kiatu hiki? Nani kamvisha mwanangu takataka hii?"

Shemasi akarukia, "Ni Mwitaliano, mama, ni kosa la Mwitaliano."

Nikapaza sauti mpaka watu wakageuka: "Si Mwitaliano! Ni binti yangu!"

Akanitazama. "Na uso?"

"Binti yangu."

"Na hiki kinachocheka hapa mdomoni?"

"Binti yangu, Tryphena. Binti yangu Roxana."

Akanishika mkono, akalia, nami nikalia, na Shemasi akatangaza wimbo wa kufunga.

Leo asubuhi nimefuta chaki. Nimekata Roxana Thrall katikati, herufi kubwa, nimezizamisha kama za kaburi la mama yako, sijapata kukata kwa kina zaidi ya hapo. Banti nimemkata chini yako kwa herufi nzuri. Bi Tryphena alileta kiti chake akakaa pembeni muda wote, akimweleza Lemuel bei ya mayai.

Patasi usiguse tena, nakuomba. Lakini njoo nyumbani uione.

Baba yako,
Asahel