Kaka, Mama Asiondoke Jumamosi

Sebuleni kwa Mama,
Jumatatu asubuhi.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zangu, za moto kama kawaida yangu. Hujambo? Wifi hajambo? Kikohozi cha watoto kimepoa? Sisi huku tunajikongoja, ila uzima wangu mimi ni wa kuazima. Chakula hakipiti.

Nimeamua kuandika kwa sababu simuni nikilianza jambo hili napandisha sauti, nawe unanikatia. Sikulaumu. Safari hii nimejituliza, vitambaa vya wateja nimevisogeza pembeni. Tafadhali nisome mpaka mwisho.

Ulisikia kwamba Mama alianguka bafuni. Usilolisikia ni kwamba mdogo wetu Mpole alikuwa hapa hapa sebuleni, anakunywa chai. Mimi nilikuwa nimekwenda kumpima mteja gauni. Kurudi, namsikia Mama anaita kwa sauti iliyokwisha kukauka, na Mpole ametulia anatazama mpira. Nilipomuuliza akanijibu taratibu, "Si anaita? Mtu anayeita hajafa." Kaka, hakuwa na hasira wala hakuwa amelewa. Hata hakushtuka kuniona mlangoni. Akamalizia chai yake, ndipo akaja kunisaidia kumwinua, akimwita Mama "malkia wangu".

Jioni Shangazi akaja kusuluhisha. Unaijua desturi aliyotuachia Baba: aliyekosa akipiga magoti mbele ya wakubwa akaomba radhi, neno limezikwa, na atakayelifukua ndiye mkosaji. Basi Mpole akapiga magoti. Machozi hayo! Shangazi naye akalia. Mimi niliyebaki kufoka nikaambiwa nina roho ngumu, eti nimwombe radhi yeye! Nikamwomba. Aliponikumbatia niliuona uso wake kwenye kioo cha kabati. Ulikuwa mkavu, anaangalia saa.

Tulijidanganya wenyewe, Kaka. Mimi mliniita Pilipili, yeye Mpole, tukadhani hasira ndiyo ubaya na utulivu ndio wema. Baba alipotuchapa sote kwa kosa la Mpole, Mpole mwenyewe alinitazama ninavyolia kama mtu anayetazama mvua dirishani. Tukasema, huyu mtoto jasiri. Huko alikofanya kazi kote walianza kwa kumsifu wakaishia kubadilisha kufuli. Na anadanganya hata pasipo na faida. Kamwambia jirani kwamba mimi ni tasa, na wanangu wawili wanacheza uani kwa jirani huyo huyo! Nilipomuuliza kwa nini, alicheka tu.

Nilikwenda kimya kimya kwa daktari wa magonjwa ya akili. Alisema hawezi kumpa mtu jina la ugonjwa bila kumwona. Ila wapo watu, akasema, ambao tangu utotoni woga wao ni mdogo na huruma yao ni ndogo. Maneno ya majuto wanayajua yote, majuto yenyewe hayawagusi. Nikauliza dawa. Akaniambia, "Usingoje ajute. Mlinde asiyeweza kujilinda." Nililia kwenye ngazi za hospitali, na ukali wangu wote.

Sasa sikia. Jumamosi hii Mpole anamhamishia Mama kwake. Amepata mchumba, na wazazi wa binti wanataka kumwona kijana anayetunza mzazi. Anataka Mama wa kuwaonyesha mpaka harusi ipite. Ikishapita je? Mama hafiki msalani bila kushikwa mkono, na kule hakuna jirani wa kumsikia. Shangazi amebariki. Nawe, nasikia, umebariki simuni. Jamani, Kaka! Umebariki nini?

Jana nilimpigia Mama magoti nikamweleza yote. Akanishika shavu. "Mwanangu," akasema, "nilikuwa nausikia huo mpira ukitangazwa. Najua alinisikia. Lakini nisipokwenda, watu watasema hata mama yake anamwogopa."

Kwa hiyo usimpigie Mama kumwambia kwamba Mpole ni mbaya. Analijua hilo kuliko sisi. Mama hawezi kumkataa mwanawe anayemhitaji, basi nawe jifanye unamhitaji. Mwambie unaumwa, Wifi amezidiwa na watoto, huna wa kukuuguza, aje kabla ya Ijumaa. Mimi nitamleta mwenyewe, hata kwa kumbeba mgongoni.

Nisalimie sana Wifi, umwombe anisamehe kwa uongo ninaoutia nyumbani mwake. Mbusu Kidosho, na kaka zake uwaambie shangazi yao anawashonea kaptula. Barua hii ataileta dereva wa basi, atakukabidhi mkononi. Mola akufunike wewe na nyumba yako, asikuonyeshe ninayoyaona.

Najua hujawahi kumdanganya Mama hata siku moja. Ndiyo maana atakuamini. Mdanganye, Kaka, nakuomba.

Ni mimi nduguyo, akupendaye hata akifoka,
Pilipili.