Picha ya Antena

Mjini Crystal, Jumapili

Kiherehere changu kimeniponza. Juzi nilirudi kutoka Alaska, ambako chuo kilitupeleka kuona kituo cha rada cha kuchunguza anga ya juu, na leo asubuhi nikatuma picha kwenye group ya familia: mimi ndani ya makoti mawili, nyuma yangu msitu wa antena kwenye theluji.

Anti Rose akawa wa kwanza kujibu, kutoka kwetu Budalang'i, ambako mto hufurika kila msimu wa mvua. "Kumbe unafanya kazi na wale watu wa kututengenezea mafuriko?"

Kumbe ule uvumi wa mtandaoni kwamba antena hizo huleta mvua ulishafika kwao. Nikaandika, nikafuta. Mwishowe nikaeleza kwamba mitambo ile husoma anga mbali sana juu ya mawingu, wala haiwezi kuleta mvua. Binamu mmoja akatoka kwenye group.

Mama alinipigia nikiwa kwenye gari nje ya kanisa, nangoja heater ishike. Aliongea chini chini, kama mtu anayejificha.

"Niambie ukweli, mwanangu. Hao watu wa antena wangeweza kuyazuia yale maji yaliyombeba mdogo wako?"

"Hapana, Mama. Hakuna mtu aliyeyaleta."

Akaacha kunong'ona.

"Sasa mimi nimkasirikie nani?"