Waya Usiomo kwenye Mchoro

Jumamosi, bamvua ya tatu tangu tumzike baba.

Jua la leo lilikuwa kali na upepo hakuna. Bahari ilijaa mpaka kwenye mizizi ya mikoko, kama maji makuu ya bamvua yanavyojaa kila wiki mbili, ikatulia tuli. Nimechoka, nina mchanga kwenye kucha, na leo niliogopa mchana kweupe kama mtoto mdogo.

Nianze kwa kukiri. Miezi yake ya mwisho nilimwonea baba aibu.

Alikuwa fundi mitambo wa redio yetu ndogo hapa Kivinje kwa miaka mingi. Mwishoni, kila bamvua, alikuwa anarudi nyumbani miguu imejaa mchanga, anaketi kwenye mkeka, na kabla hajagusa chakula anasema, "Mama yako bado mkavu." Mama alifariki miaka sita iliyopita. Baba Mkubwa, kaka yake, alisema akili zimeanza kumtoka, nami nikakubali. Nilikuwa namwongezea mchuzi na kubadilisha mazungumzo.

Alipofariki nikashika kazi yake. Tangu bamvua iliyopita mtambo unajizima wenyewe mida ya saa kumi jioni, kwa sababu nguvu inayotakiwa kupanda kwenye antena inarudi chini. Meneja hakunificha: baba aliunga waya ovyo wakati hayuko sawa, na Jumatatu waya wote ung'olewe. Sikubishana naye. Nilitaka kujua jambo moja tu. Baba alikufa na akili zake, au hapana?

Kazi yenyewe haina uchawi. Una kifaa cha kupimia, ukubwa wa simu. Unapeleka wimbi dogo kwenye waya, masafa baada ya masafa, unaangalia kiasi gani kimepita na kiasi gani kimerudi. Wasomi wanaviita vigezo vya mtawanyiko. Kisha unafungua programu ya saketi kwenye kompyuta, unachora waya uleule kipande kwa kipande, kila kipande na urefu wake na nguvu inayopotea humo, na programu inakokotoa. Mstari wa kompyuta ukilala juu ya mstari wa vipimo, basi unaujua waya wako. Usipolala, kuna kitu hukijui.

Haukulala.

Asubuhi nzima nilihangaika. Nilitumia urefu alioandika baba kwenye daftari lake, nikabadilisha upotevu wa nguvu, nikaongeza viungo vibovu kama alivyotaka meneja. Wapi. Mwishowe, kwa hasira tu, nikachora tawi la waya ambalo halimo kwenye mchoro wowote: linaanzia nyuma ya mtambo, halijaunganishwa na kitu mwishoni. Nikawa naliongeza urefu. Lilipofika mita thelathini na nane, mistari miwili ikalaliana.

Nywele zilinisimama. Mle chumbani mwa mtambo kuna waya mmoja tu, na nimeufuta vumbi kwa mikono yangu.

Kilichonitisha zaidi ni kwamba urefu ule ulikatwa kwa hesabu. Kwenye masafa ya redio yetu, tawi hilo karibu halionekani kabisa. Aliyeliweka alitaka mtambo usijue kama lipo.

Saa kumi kasorobo mtambo ukajizima. Nikapima tena palepale, na mwisho wa tawi haukuwa thelathini na nane tena. Ulikuwa thelathini na saba. Nikadhani nimekosea, nikarudia. Thelathini na sita. Nikakaa nikiutazama ukipungua, thelathini na tano, thelathini na nne, kama kitu kilichokuwa mbali kinatembea polepole kunifuata nilipo. Nilipiga bismillahi kwa sauti na kugeuka nyuma, nakiri. Ulisimama kwenye thelathini na mbili.

Nilifungua bati la nyuma ya mtambo. Kiungo kilikuwepo, safi, kimefungwa kwa mkono ninaoujua, na waya mweusi ukaingia kwenye tundu la sakafu. Nikatoka na jembe na futi ya kamba, nikaufuata. Ulikuwa umefukiwa kiganja kimoja chini, ukielekea makaburi ya zamani, yale ambayo siku hizi hayazikiwi tena. Ukapita ubavuni mwa kaburi la mama, kisha ukazama chini na kushika njia ya mikoko. Pale unapozama baba alikuwa ameukata ganda, alama moja kila shubiri, ili maji ya chumvi yaingie.

Hapo nikaelewa. Wimbi likikutana na maji ya bahari ndani ya waya, linarudi. Pale linapogeukia ndipo maji yalipofika. Baba alikuwa anaipima bahari chini ya ardhi. Na maji yakilifupisha tawi kupita kiasi, mtambo unaliona na kujizima.

Kwenye daftari lake kuna safu ya namba isiyo na kichwa, ambayo niliiona upuuzi. Namba moja kila bamvua. Thelathini na nane mara nyingi, halafu thelathini na saba, halafu thelathini na sita. Ya mwisho, wiki moja kabla hajafa, ni thelathini na nne.

Ukitokea baharini, kaburi la mama linaanzia mita thelathini na moja.

Nililia pale mchangani. Alikuwa mzima kuliko sisi sote, na tulimwacha na jambo hilo peke yake.

Nikampigia Baba Mkubwa. Alikuja na kanzu yake ya msikitini, akatazama mchanga, mweupe, mkavu, hauna hata unyevu. Nilimweleza taratibu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, kaburi halifukuliwi kwa maneno ya kompyuta."

Sikumlaumu. Nilimwomba kitu kimoja: tuchimbe kwenye thelathini na mbili, hatua moja tu kutoka kwa mama. Alikunja kanzu, tukapokezana jembe. Magotini, mchanga mkavu. Mapajani, mkavu, na akaanza kunitazama kwa huruma ambayo naijua, maana ndiyo niliyomtazama nayo baba. Kiunoni jembe likabadilika sauti. Maji yakapanda kutoka chini, bila kububujika, yakajaa kwenye nyayo zetu. Yalikuwa baridi, na jua lilikuwa bado linachoma mabegani.

Baba Mkubwa alichovya kidole, akaonja. Akayatema, chumvi tupu.

"Shemeji alikuwa mwoga wa maji," akasema. "Wenzake wakienda kuokota chaza, yeye anabaki juu na watoto. Sijapata kumwona amelowa hata kifundo."

Tulifukia shimo. Ameniambia kesho baada ya swala ya alfajiri anakwenda kwa sheikhe kuuliza utaratibu wa kumhamishia mama kwenye makaburi ya juu, kando ya baba, na kwamba yeye ndiye atakayeongea na meneja. Nimebaki nikihesabu: bamvua nyingine ni wiki mbili, na nafasi iliyobaki ni mita moja. Alipofika barabarani aligeuka, akaniomba nisiukate waya mpaka mama atoke. Kisha akaniuliza, kwa aibu, kama nitamfundisha kuzisoma zile namba.