Kwa Nini Mama Leonia Hakula

Rumonge, Jumamosi

Mdogo wangu Ruth,

Amahoro. Natumaini barua hii inakukuta ukitembea bila fimbo, maana mara ya mwisho ulisema goti linakusumbua unapopanda kwenda kanisani. Limepoa? Na mvua za Kasulu zimeshika, au mmepanda maharage kwa matumaini tu? Mimi ni mzima. Hapa ndagala, dagaa wa ziwa letu, wamekuwa wengi wiki hii hata paka wa jirani wamewachoka.

Umeniuliza swali ambalo watu wa hapa huliuliza nikishageuka: imekuwaje mtu aliyeongoza hospitali miaka yote ile astaafu, kisha aanzishe kampuni ya kutunza wazee waliopoteza kumbukumbu? Nitakueleza, lakini unanijua, tafuta kiti.

Ilianza kwa Mama. Alipokuwa akitoka na kupotea kati ya mistari ya nyumba za kambi ya wakimbizi huko kwenu, ulimfunga mguu kitandani kwa kitambaa ili uweze kwenda shambani, ukanitumia ujumbe ukilia. Mimi, mkurugenzi wa hospitali ya misheni, mwendo wa saa mbili tu kutoka kwenu, nilikujibu kwamba ni uzee. Nilikuwa na wodi ya uzazi, ya watoto, ya mifupa. Ya mtu aliyemsahau binti yake sikuwa nayo, wala sikujua kwamba inahitajika. Baada ya kumzika ndipo nilipoanza kuwauliza madaktari, kisha kusoma, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyozidi kutaka kujua.

Ni ugonjwa wa ubongo, Ruth. Si wazimu, wala hakuna aliyemroga. Mambo mapya ndiyo hutangulia kutoka: chakula cha asubuhi, jina la mjukuu. Ya zamani hubaki, na mgonjwa huhamia huko akaishi humo.

Basi nilikodi nyumba kando ya barabara ya Nyanza-Lac, nikaisajili kampuni, nikaajiri wahudumu wanne na mpishi. Wazee huletwa asubuhi na kurudishwa jioni. Niliiendesha kwa njia niliyoijua: kila asubuhi wazee wakae kwenye mabenchi uani, mhudumu nyuma ya meza asome majina kwenye daftari, kila mmoja aitike na kuvishwa kadi shingoni. Wazee kumi na mmoja, na hakuna aliyepotea. Nilijivunia sana mpango huo.

Mmoja wao ni Mama Leonia, mjane wa Kigwena, aliyerudi kutoka kambi za huko kwenu kama tulivyorudi wengi. Binti yake Yudita huuza mawese sokoni, na kabla ya kumleta kwetu alikuwa akimfungia ndani kwa kufuli mpaka arudi. Mama Leonia alikuja ana mwili wake. Wiki ya tatu mifupa ya mabega ikaanza kuonekana. Ukimpa sahani anashukuru, murakoze, murakoze, ukigeuka chakula hakipo, naye hajatia kitu mdomoni. Tukagundua kwamba anakifunga katika kitenge chake, ugali na ndagala na mchuzi wote, halafu anakwenda kukaa mlangoni hadi jioni.

Nilimweleza Yudita kwamba huenda ugonjwa umefika kooni, kwamba ubongo unaweza kusahau hata kumeza. Nilieleza vizuri sana. Alinisikiliza ameshika kiuno.

"Direkteri, wewe uko na maneno mingi kuliko chakula. Kwangu alikuwa anafungiwa, lakini alikuwa anakula. Kesho kutwa namurudisha kwa kufuli yangu."

Hiyo ilikuwa Jumatano. Alhamisi sikuingia ofisini. Nilichukua kigoda nikakaa na Mama Leonia mlangoni. Sikuwa na dawa ya kumpa. Nilitaka tu kujua anangoja nini. Tulitazama magari yakipita kuelekea Nyanza-Lac. Baada ya muda mrefu alinitazama kwa huruma, akaniuliza mbona sina mzigo.

"Wewe hawakukusoma?"

Nikamwuliza, kusomwa wapi?

"Mu daftari. Wakimaliza kusoma majina, lori inakuja. Hii chakula iko ya njiani, baba. Tukikula sasa, batoto watakula nini mbele?"

Ruth, wewe ungelijua siku ya kwanza. Ndiwe uliyekaa na Mama kwenye mabenchi ya kambini, mkingoja majina ya mgao wa chakula, baadaye majina ya msafara wa malori ya kurudi nyumbani. Mimi nilikuwa katika nyumba za wafanyakazi wa hospitali, na jina langu hakulisoma mtu. Nilimjengea mama wa watu kambi uani kwangu, kila asubuhi upya, kisha nikamwandikia ugonjwa wa koo.

Ijumaa hapakuwa na meza. Wazee waliingia moja kwa moja upande wa jikoni, wakanawa, wakapewa ndagala wa kuchambua kwenye ungo. Wahudumu walinung'unika, watajuaje nani yupo? Nikawaambia wawatazame nyuso. Mama Leonia alichungulia barabarani mara mbili, akauliza kama wameshasoma. Mpishi akamjibu kwamba leo hakuna kusoma, leo ni kupika, na wale samaki hawatajichambua. Akacheka, akakaa.

Yudita alifika mchana, mapema kuliko kawaida, tayari kumchukua. Alisimama kwenye kizingiti. Mama yake alikuwa mkekani, tonge mkononi. Hakumtambua, alisogea kidogo kumpisha, kama anavyopishwa mgeni.

"Kaa, dada. Kula yote. Leo hatuendi."

Yudita alikaa, akala pamoja naye bila kuinua uso. Maelezo yangu nilikuwa nayo tayari, lakini nilikwenda kumchotea maji ya kunawa. Aliponawa hakunitazama mimi. Alimwuliza mpishi Jumatatu tunafungua saa ngapi.

Sasa nina ombi, na ni wewe tu unayeweza kunisaidia. Kaa siku moja uniandikie yote unayokumbuka ya kambini: nani alipiga kengele, mlisimama wapi, mama zetu walikuwa wakiimba nini wakingoja maji. Usiache kitu kwa kuona ni kidogo. Nina wazee wengine kumi, na bado sijui kila mmoja wao anaishi wapi.

Mfikishie heri zangu shemeji Daudi, mwenye nyumba, na mwanao Neema aliye mwalimu. Pia Mzee Yeremia, baba yako wa ubatizo, kama bado anaongoza kwaya kwa ukali ule. Goti lifunge joto.

Ni mimi kaka yako,
Zakaria