Gari Isiyosikika

Mama Furaha mpenzi,

Nakusalimu kutoka Goma, mvua imekatika sasa hivi. Leo nimeijaribu ile gari ya umeme tuliyoitamani. Magurudumu yote manne yanavuta: ilipanda mawe ya volkano pale Ndosho bila shida, na ukikanyaga kidogo inaruka. Ghafla muzee mmoja asiyeona akavuka mbele yangu. Nilifunga breki nikimwita, ikabaki hatua moja tu.

"Papa, umetokea wapi?" muzee akauliza. "Sikusikia kitu."

Nilishuka nikamvusha, kisha nikarudi garini. Muuzaji, aliyekaa pembeni yangu, akauliza ninaionaje.

"Ni nzuri sana," nikamwambia, "lakini kwetu Rutshuru mama yangu pia haoni, na anavuka barabara kwa kusikiliza. Siichukui."

Wakumbatie watoto. Nimewakumbuka mno.

Papa Furaha