Sinema ya Wachawi na Kahawa ya Ma Nyakato

Jumamosi. Mvua tangu alfajiri, nami nimeamka na hasira zangu zote.

Juzi nilikuwa Rwamishenye kwa mjukuu wangu Asimwe. Akaniwekea sinema ya kutisha, ya Wazungu, ila imetafsiriwa Kiswahili. Kijiji cha watu wa sala tupu. Watoto wanaugua, mchungaji anasema kuna mchawi, wanamshika mwanamke mzee anayeishi peke yake. Asimwe kajifunika kanga usoni. Mimi nilikuwa namtukana mchungaji.

"Bibi, nyamaza, mchawi anakuja."

"Mchawi yuko wapi? Mimi naona ajuza na wajinga."

Niliishia darasa la nne, lakini sinema ile niliielewa. Majirani walianza kwa kukataa chakula cha yule mzee. Moto wa kumchoma ulikuja baadaye.

Hapo nikanyamaza bila kuambiwa.

Maana hapa kwetu Muleba yuko jirani yangu Ma Nyakato, mjane. Tangu mtoto wa Mama Anitha ashikwe na degedege, kikundi chetu cha maombi kinamnong'ona. Eti ana macho mekundu. Sisi tuliopika kwa kuni miaka yote, nani ana macho meupe? Wakapanga leo waende kukemea pepo mlangoni kwake, kwa sauti. Ukishakemewa hivyo mbele ya watu, huna tena pa kuishi.

Na mimi? Wiki iliyopita Ma Nyakato alinipa kahawa ya kutafuna, kama tunavyompa kila mgeni. Nikaipokea, nikaifunga kwenye ncha ya kanga, nikaenda kuitupa migombani.

Aliniona.

Leo nimewatangulia wanamaombi. Nikakaa mlangoni kwake, nikamwambia alete kahawa. Akauliza kama safari hii naitafuna au naenda kurutubisha migomba. Nilistahili. Nikatafuna.

Wakafika na miavuli na Biblia zao, wakanikuta nimejaza mdomo. Mama Anitha akaniuliza kama siogopi.

"Naogopa," nikamwambia. "Naogopa mtoto wako atafia ndani, wewe uko hapa unaimba. Mpeleke hospitali."

Nikawanyooshea kikapu cha kahawa. Wawili wakachukua, wakatafuna huku wananiangalia kama nitaanguka. Sikuanguka. Waliobaki wakatazama miguu yao, wakaondoka mmoja mmoja. Mama Anitha hakuchukua, ila jioni nimesikia mtoto amelazwa na ametundikiwa dripu. Sijali kama kahawa ameikataa. Mtoto yuko kwa daktari.

Sasa niseme la kweli. Kutafuna mbele ya watu kumenipa sifa, na sifa nazipenda. Lakini Ma Nyakato sijamwambia nimekosa. Nilikaa kwake saa nzima, mdomo umejaa, neno hilo halikutoka.

Kesho kabla ya ibada nakwenda kulisema. Peke yangu, bila mtu wa kunisifu.