Chuma Chako na Duka la Mabruki

Mama yangu,

Shikamoo. Najua marahaba yako sitaisikia, lakini kila asubuhi mdomo wangu unakuamkia kabla sijanawa uso, na nimeshindwa kuuzuia. Mchele nimeshauloweka. Nazi zipo. Iliki nimeletewa na wale akina mama wa Kinole wanaoshuka na ndizi; waliniwekea mkononi wakasema hii ni ya mama yako, wakaenda zao sokoni. Kesho narudi pale kwenye kona ya barabara ya stesheni, mahali pako, kukaanga vitumbua, na nina hofu, Mama. Nimekaa uani, wengine wamekwenda kuteka maji, nikaona heri nikuandikie wewe kuliko kumwendea tena Tausi jirani. Tausi wa watu ameshanichoka. Jana aliponiona mlangoni alisema, "Hadija, kama ni habari ya vitumbua, mimi nimelala."

Ulichekwa uliponipeleka shule ya misheni, wakakuambia binti wa Kiislamu anakwenda kusoma nini kwa mapadri. Ukasema ataniandikia barua. Haya, ndiyo hii.

Nikueleze kwanza habari ya duka, maana uliondoka kuta zake bado zina udongo. Unakumbuka ulivyosikia kwamba Mabruki, mpishi wa Gavana, yule anayetajwa hadi redioni, anakuja kufungua duka la keki mtaani kwetu? Mimi nilikosa usingizi. Wewe ulikuwa umelala na homa yako, ukasema, "Aje tu, na mie nitaonja." Hukuonja. Basi limefunguliwa, limepakwa rangi ya bluu, na liko hatua chache tu kutoka kwenye kona yetu. Ndani kuna kabati la kioo, na vikeki vyake si vile vya kukatwa kwa kisu. Ni vidogo, vya kutosha kiganja, kila kimoja kimekaa ndani ya karatasi iliyokunjwakunjwa kama kikombe, na juu kimepakwa sukari nyeupe au ya rangi ya waridi. Watoto wakimaliza kula wanalamba karatasi. Ukutani amebandika picha yake ya gazetini, amevaa kofia nyeupe ndefu, amesimama nyuma ya keki ya ghorofa tatu.

Watu wanapanga foleni, Mama. Makarani wa stesheni, wake wa manyapara wa mkonge, Wahindi wa maduka ya nguo, wote. Hata yule fundi saa aliyekuwa akisema hawezi kufungua kazi bila kitumbua chako, nilimwona ana sukari kwenye masharubu. Aliponiona alinipa mgongo. Sikumlaumu, lakini niliumia.

Na mimi wakati huo chuma cha kukaangia sina.

Hapo ndipo penye habari yenyewe. Siku ya mazishi yako nilikuwa chumbani na wanawake. Sikuwa na akili, sikumbuki hata nani alinifunga kanga. Nilichokisikia ni kicheko. Wakati jeneza linatolewa, watu uani wakaangua kicheko, wanaume kwa wanawake, na mimi nikajiuliza ni binadamu gani hawa wanaocheka. Nilichukia mpaka machozi yakakauka. Jioni, wageni walipopungua, nikaingia jikoni kutafuta sufuria ya uji wa mjukuu wako Mwajuma, nikaona msumari mtupu ukutani. Chuma chako cha vitumbua hakipo. Nikapekua chini ya kitanda, nyuma ya mtungi, hadi kwenye banda la kuku. Tausi akaniambia kwa sauti ya chini, "Amekichukua Mabruki."

Mama, nilifikiri nini? Nilifikiri kile ambacho mtu yeyote mwenye hofu angekifikiri. Tajiri wa keki anakuja kufungua duka karibu na kona ya muuza vitumbua, muuza vitumbua anakufa, na siku hiyohiyo chuma chake kinaondoka na tajiri huyo. Nikasema huyu anataka kuniua na njaa. Baba yake Mwajuma alikwenda kwenye mkonge na hajaleta hata salamu. Mimi sili kwa mtu, nakula kwa kile chuma. Nikaazima cha Tausi. Chuma cha Tausi kina ugonjwa, unga unashika chini, kitumbua kinatoka nusu, nusu nyingine inabaki ndani inaungua. Niliuza vitu ambavyo wewe ungewatupia kuku. Wateja walinunua mara moja kwa huruma, mara ya pili wakapita upande wa pili wa barabara.

Ndipo nikafanya lile ambalo mtaa mzima unalo mdomoni hadi leo. Nilikwenda kwa jumbe kumshitaki.

Nilisimama mbele ya baraza, wazee wamejaa, nikasema kwa sauti kwamba Mabruki mpishi ameniibia chuma cha marehemu mama yangu siku ya msiba. Jumbe akaniuliza huyo Mabruki ni mtu wa wapi. Nikasema Tabora, Mnyamwezi. Akaniuliza na wewe je. Nikasema Mluguru. Wazee wakaanza kutazamana, mmoja akajifunika uso kwa kofia, mabega yanatikisika. Jumbe akasema, "Binti, toka hapa kabla sijakutoza faini ya kumshitaki mtani." Baraza zima likacheka. Nilikosa pa kuweka uso. Nilirudi nyumbani kwa njia ya nyuma ya mashamba, kanga nimeivuta hadi machoni.

Kumbe nilijua na sikujua. Utani wa Waluguru na Wanyamwezi nimekua nao, nilikuona ukitukanana na wachukuzi wa stesheni mpaka wageni wanadhani mtapigana. Lakini Mabruki? Mtu aliyempikia Gavana, anayevaa viatu vyeupe, anayesalimiwa na Wazungu barabarani? Haikunijia akilini kwamba mtu kama huyo bado ni mtani wa mtu. Nilimwona mfanyabiashara tu, sikumwona Mnyamwezi.

Mjomba Kibwana alinijia jioni ile, na uso wake haukuwa wa kucheka. Yeye ndiye aliyenieleza kilichotokea uani kwetu. Mabruki alikuja msibani kabla ya watu wengi, akavaa kanga yako, akakiweka chuma kichwani kama kofia, akawazuia wabeba jeneza mlangoni akisema marehemu haendi popote mpaka amkaangie. Makaburini akashuka shimoni akalala mahali pako, akasema hatoki, humo mna baridi nzuri kuliko Dar es Salaam. Ndicho walichokuwa wakikicheka. Mjomba mwenyewe, aliyekuwa hajatoa neno mdomoni tangu ulipokata roho, alicheka hapo kaburini akaweza kushika jembe. Akaniambia, "Alikuja kutufanyia kazi, na wewe umempeleka kwa jumbe."

Akaniambia na jingine. Kwamba Mabruki ndiye yule kijana mwembamba uliyekuwa ukimwita "mtani wangu wa treni." Alikuwa akipita kwenda kwao likizo, anatoa kichwa dirishani kabla treni haijasimama, anakutukana, unamtukana, unampa vitumbua kwenye jani la mgomba, na treni ikiondoka bado mnatukanana. Namkumbuka, Mama. Nakumbuka shingo yake. Huyu wa sasa hana shingo kabisa, ningemjuaje?

Basi Mjomba akasema sheria ni moja. Kitu cha msiba kilichochukuliwa na mtani hukombolewa na mfiwa mwenyewe, kwa kuku, mbele ya watu, na kwa mdomo. Mtu haendi kulia wala kuomba, lazima amtanie aliyekichukua. Na arobaini ikipita kabla hujakikomboa, ni chake, hakuna wa kumuuliza. Arobaini yako ilikuwa imebaki Ijumaa moja.

Nikamwomba aende yeye. Akakataa.

Hapo roho ilinipaa. Kuku si tatizo, yule jogoo wako mkorofi nilikuwa namtafutia sababu siku nyingi. Tatizo ni mdomo. Wewe ulikuwa nao, mimi sina. Na tangu siku ile nilikuwa sijacheka hata kidogo, Mama, hata Mwajuma alipoanguka kwenye beseni la maji na kuketi humo kama bibi harusi. Kila nilipohisi kicheko kinakuja nilikuona umelala kwenye kile kitanda cha kamba, nikakirudisha. Sasa nimtanie mtu mbele ya foleni ya keki, nitamtoa wapi huyo Hadija? Nilitembea uani nikijisemesha. Nilijaribu matusi kwa mbuzi wa Tausi. Nikienda nikashindwa kusema, chuma kimepotea, na chuma kikipotea sijui Mwajuma atakula nini.

Nilikwenda asubuhi, jogoo kwapani. Duka limejaa. Nilipoingia tu, Mabruki akaacha kupanga vikeki vyake, akapaza sauti, "Nani amefungua mlango? Mbona pananuka moshi wa kuni?" Watu wakageuka. Akaendelea, akasema marehemu alikuwa na ulimi wa kukatia kuni, je, huyu kaachiwa nini, au kaachiwa njia ya kwa jumbe tu? Wakacheka. Jogoo ananikwaruza mkono. Nilisimama, nikasikia machozi yanakuja, nikasema moyoni basi, nimeshindwa, chuma kimekwenda.

Nikainamisha macho ili wasione, macho yakaangukia kwenye kabati la kioo. Sijui ilitoka wapi. Nikasikia sauti yangu inasema, "Wewe Mnyamwezi, haya maandazi umeyavisha suruali kwa nini? Yanaona haya kwa kuwa yamepikwa na wewe?"

Duka lote likalipuka kwa kicheko. Karani mmoja alitema chai. Mabruki akashika kifua, akayumba, akajitupa chini sakafuni na mwili wake wote ule, kofia ndefu ikaviringika hadi mlangoni, akasema ameuawa na Mluguru, wamwite Gavana. Nami nikamwambia Gavana alikwishafurahi siku alipoondokewa na wewe, atakuja kufanya nini? Na hapo, Mama, nilicheka. Nilicheka mpaka nikamwachia jogoo, akarukia kwenye meza ya unga, nikaketi chini huku nacheka, na kicheko kikageuka sijui saa ngapi, nikawa nalia kwa sauti ile ambayo sikuitoa hata siku ya mazishi. Mabruki hakuinuka. Alijisogeza palepale sakafuni akakaa karibu yangu, na yeye akilia, foleni nzima imetuzunguka na vikeki mikononi.

Nisamehe kama nilikosea kucheka mapema. Mjomba anasema sikukosea. Bado naogopa kwamba nilikosea.

Chuma alikitoa nyuma, kimefungwa kwenye gunia la unga. Hakukitia motoni hata mara moja. Amekipaka mafuta kila tundu, hakina doa la kutu. Alimpapasa jogoo, akasema amekonda kama mimi niliyemleta, lakini yeye ameridhika. Kisha akanipa kikeki, nikakila palepale mbele yake. Ningependa kukuambia ni kibaya. Ni kitamu, Mama, ni laini, kinayeyuka kabla hujatafuna, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi mpaka sasa. Hakuniahidi kwamba atapunguza keki zake, wala sikumwomba. Mtani si mfadhili. Kesho atafungua mlango wake na mimi nitawasha moto wangu, na watu watatazama huku na huku.

Wala kipimo chako sikijui vizuri. Ulikuwa ukimimina tui kwa macho, ukionja unga kwa ncha ya kidole, ukisema "bado" na "sasa," na mimi niliyekuwa nasimama kando sikuuliza, nilidhani muda tunao. Vikitoka vigumu nitasema nini? Fundi saa akipita bila kusimama nitafanya nini? Mwajuma ananiuliza kama kesho atapata kitumbua cha kwanza, kama ulivyokuwa ukimpa. Nimemwambia ndiyo. Sina uhakika, lakini nimesema ndiyo.

Nikuache upumzike. Ninalokuahidi ni hili: kesho nitakaa pale pako, wanunue wasinunue, na keshokutwa nitakaa tena, mpaka mkono wangu ujue ulichokijua wako. Na jingine. Siku ya Mabruki ikifika, Mungu aicheleweshe, mimi ndiye nitakayeingia kwake wa kwanza. Nitaivaa ile kofia yake ndefu, nitalala mlangoni jeneza lisipate pa kupita, na sitanyanyuka hapo mpaka wanawe wacheke.

Kwaheri, Mama.

Mwanao,
Hadija